Kalamu Niliyoifuata Katesh

Niliondoka Mbulu kwa sababu ya barua. Mhariri wa gazeti moja la Dar es Salaam alikuwa amenirudishia katuni zangu zote: vichekesho ni vizuri, Mwalimu, lakini mistari ya peni haishiki kwenye chapa. Nitume moja ya mwisho kwa wino mweusi; nayo ikififia, watatafuta mchoraji mwingine. Mimi ninayemchora mtu hadi mama yake akamtambua, nishindwe kwa sababu ya kalamu! Nikaomba ruhusa ya siku mbili shuleni.

Saa kumi na mbili asubuhi nilidandia lori la viazi. Baridi ya Mbulu haina huruma, nikajifunika shuka hadi kidevuni, lakini mfuko wa shati niliuacha wazi. Humo nilikuwa nimechomeka kalamu tatu, maana kwetu mwalimu asiye na kalamu mfukoni huonekana kama aliyefukuzwa kazi.

Tulipopita Dongobesh jua lilikuwa limepanda. Kuanzia Basotu ngano ya serikali ilitanda pande zote za barabara, na mashine za kuvunia zilitimua vumbi hadi abiria wote tukafanana.

Saa nane mchana tulifika Katesh. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Salimu, maana wachora ramani wa mashamba ya ngano walinunua vifaa vyao kwake.

"Shikamoo, Mzee. Natafuta kalamu ya kuchorea katuni."

"Marahaba, Mwalimu. Na hizo tatu zimekosa nini?"

Alinitolea ya wino, yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Nikatia sahihi yangu, ikatoka safi. Nikaichomeka mfukoni nione inavyokaa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Sahihi mkono umeizoea, hata kwa mkaa itatoka. Chora mkia wa ng'ombe."

Nikachora. Mkia ukatoka mnene mwanzo hadi mwisho, kama kamba. Mzee akalamba kidole, akaupitishia, likabaki doa la buluu. Niliona aibu, nasema kweli, nikamrudishia.

Ndipo akanipa kijiti cha mbao chenye nibu ya chuma, na kichupa cha wino mweusi wa ramani. Kalamu ya kuchovya! Haina kifuniko wala kibanio. Lakini nilipokandamiza, mstari ulinenepa, nilipolegeza, ukakonda. Ulipokauka nikausugua kwa mate, haukutikisika. Hapohapo kwenye kaunta nikamchora mwalimu mwenye kalamu tatu kifuani, anahangaika kutafuta ya kuandikia. Mzee Salimu alicheka mpaka akashikilia mizani.

Usiku nililala kwake. Asubuhi niliituma katuni ile kwa posta bila wasiwasi wowote, zile kalamu tatu nikazitia mfukoni mwa suruali, nikapanda lori la kurudi, kichupa nimekikumbatia.

Jioni, Mbulu, mke wangu Paulina alitazama mfuko wa shati langu, mtupu.

"Umeibiwa?"

"Nimenunua," nikamjibu.

Wiki chache baadaye gazeti lilifika, na mwalimu wangu ndani yake, mweusi tii. "Pua hiyo naijua," alisema Paulina. Mhariri naye aliandika: tuma nyingine.

Tangu safari ile kalamu naichagua kwa mkono, si kwa mfuko. Wenzangu ofisini niliwasimulia yote, wakanicheka sana. Kisha mmoja mmoja wakachomoa kalamu zao, wakachora mikia ya ng'ombe, wakalamba vidole. Mchana kutwa ofisi ya walimu ilikuwa na vidole vya buluu.