Kufuli la Dawa ya Kuzindua

Mimi sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Mama yangu alikuwa akisema nilitembea kabla ya kutambaa kwa sababu nilichoka kungoja. Mtu wa namna hiyo ukimweka chumba kimoja na mfamasia anayefunga kifuniko cha chupa, akaigeuza juu chini kuhakikisha, halafu akakifunga tena, ujue hapo pana kesi kila siku.

Ilikuwa miaka ya tisini, Ifakara, katika kituo kidogo cha binafsi kilichokwisha kufungwa zamani. Tulikuwa na daktari mmoja, chumba cha upasuaji, wodi mbili na chumba cha dawa. Humo chumba cha dawa tulikuwa wawili: mfamasia, ambaye wote tulimwita mzee, na mimi msaidizi wake.

Siku moja tuliletewa boksi la dawa za msaada, na chini kabisa tukakuta ampuli sita za naloksoni. Nilikuwa nimeisoma tu vitabuni. Dawa za maumivu makali, kama pethidini na morfini, zikizidi mwilini humlaza mtu mpaka anasahau kupumua. Naloksoni ndiyo inayomzindua. Nilifurahi kana kwamba nimeletewa zawadi mimi mwenyewe.

Mzee alizichukua akaenda nazo moja kwa moja kwenye kabati la sumu. Lilikuwa kabati la chuma lililofungwa ukutani, ndimo zilimokaa pethidini na ndugu zake, na ufunguo wake ulikuwa mmoja tu, ukining'inia kwenye mkanda wa suruali yake.

"Mzee, hizo si za kulevya. Hizo ndizo za kumwamsha aliyezidishiwa."

"Najua, binti."

"Sasa mbona unazifungia huko?"

"Ni chache. Kitu kichache kikikaa nje kinaota miguu. Na hizi ni ukoo mmoja na hizo nyingine, acha zikae na jamaa zao. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee."

Akacheka, akazungusha ufunguo. Hakuwa mtu mbaya. Sote tulifundishwa hivyo, kwamba dawa ya maana ni dawa iliyofungiwa, na mfamasia hodari ni yule ambaye hakipotei kitu mikononi mwake. Nami nilinung'unika siku mbili, kisha nikanyamaza.

Ukafika msimu wa kuamia ndege. Asiyelijua bonde la Kilombero hawezi kuelewa mji unavyokuwa mpunga ukianza kutoa maziwa. Watu wanahamia shambani na sufuria zao, wanalala kwenye madungu, vile vichanja virefu vya kulindia shamba, wanashinda wakipiga madebe na kurusha mawe kwa makombeo ndege wasile mpunga. Mjini wanabaki wagonjwa na wenye mishahara, na wenye mishahara nao wana mashamba. Mzee alikuwa na ekari zake kijijini Idete. Ijumaa ile alimkabidhi muuguzi wa wodi pethidini ya kutosha hadi Jumatatu, akafunga kabati, akajaribu kufuli, akalijaribu tena, akapanda baiskeli yake. Ufunguo uliondoka naye kwenye mkanda kama kawaida. Hakuna aliyeliona kosa hapo, hata mimi mwenye mdomo: cha kumlaza mgonjwa kilibaki wodini, cha kumwamsha kikabaki ndani ya chuma.

Jumamosi asubuhi aliletwa mama mmoja mdogo kwa mwili, mke wa mfugaji wa Kisukuma, kwenye tela la trekta. Uchungu ulikuwa umemchukua siku mbili. Mkwewe, mama mrefu aliyejifunga kaniki, alikuja naye akimshika kichwa njia nzima. Daktari akampasua, mtoto akatoka analia, wa kiume. Tukapumua.

Chumba cha upasuaji walimchoma pethidini, lakini karatasi iliyoandikwa dozi hiyo ikasahaulika kule mezani. Alipofikishwa wodini, muuguzi akamwona anasaga meno, akamhurumia, akamchoma nyingine.

Saa saba mchana muuguzi yule alisimama dirishani kwangu, midomo imemkauka.

"Dada, nimeua mtu. Nimempa mimi, na kule walishampa. Anapumua mara sita kwa dakika, nimehesabu mara mbili. Daktari anataka ile dawa ya kuzindua."

Nilikwenda mpaka mlango wa wodi. Daktari alikuwa amemwekea yule mama barakoa usoni, anaminya mfuko wa hewa kwa mikono miwili, jasho likimdondoka. Hakugeuka. "Lete dawa," alisema. Alidhani ufunguo ninao. Ningepaswa kumwambia sina. Nikasema, "Naleta."

Nikatoka mbio. Kwa mzee ni mtaa wa Viwanja Sitini, na nilijiambia labda safari hii ameuacha ufunguo kwa mkewe. Sikuamini hata nilipokuwa najiambia. Mtu huyo alikwenda na ufunguo mpaka kanisani. Lakini kuvunja kabati la sumu ilikuwa kesi ya polisi, na mimi ndiye pekee niliyebaki na chumba cha dawa. Nilishaona akilini wanavyoniuliza: pethidini ngapi zilikuwemo, ngapi zimepotea, nani alikuwa na wewe? Nilikuwa na miaka ishirini na nne na wadogo zangu wanne shuleni. Nilikimbia na koti langu jeupe, ndala zikanikatikia pale getini, nikaziacha.

Nyumba ya mzee ilikuwa imefungwa. Jirani aliyekuwa akipepeta mchele aliniangalia miguu.

"Wote wako Idete, mwanangu. Wanaamia ndege. Kuna nini?"

Nikageuka nikarudi mbio zile zile, na safari ya kurudi ndipo hasira iliponipanda: kwanza kwa mzee, halafu kwa ndege, halafu, nilipofika getini na kuuona mtaimbo wa mlinzi umeegemezwa ukutani, ikanigeukia mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepita pembeni yake wakati wa kutoka.

"Njoo ushuhudie," nilimwambia mlinzi, nikauchukua mtaimbo. "Naiba mchana kweupe."

Kufuli lilitoka kwa mapigo manne. Nilichukua ampuli zote sita, nikamwachia mlinzi mlango asimwingize mtu, nikakimbilia wodini pekupeku. Muuguzi ndiye aliyekuwa akiminya mfuko sasa, daktari mikono ilikuwa imekufa ganzi. Daktari akavuta dawa, akaichoma kwenye mshipa. Tukasimama. Sijawahi kuchukia ukimya kama ule.

Kisha yule mama akavuta pumzi yake mwenyewe, akavuta nyingine, akapiga ukelele wa maumivu. Naloksoni haichagui, inaondoa usingizi na nafuu kwa pamoja. Alilia kwa Kisukuma, akimwita mama yake, na muuguzi akaketi sakafuni akalia naye. Baada ya saa moja hivi akaanza kuzama tena, maana pethidini hukaa mwilini kuliko dawa inayoifukuza, tukamchoma ya pili. Nilishinda kando ya kitanda chake hadi jua linatua, zilizobaki zikiwa mfukoni mwangu, nikihesabu kifua kinavyopanda.

Jumatatu mzee alirudi. Alilishika lile kufuli lililopinda, akaligeuza juu chini. Hakunisemesha mpaka saa tisa alasiri, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa adhabu tosha. Kisha akauliza, "Zilizobaki ziko wapi?"

"Mfukoni, mzee."

"Zipeleke wodini. Ziwekwe juu ya meza, ndani ya sinia, kila mtu azione." Akaliweka kufuli mezani. "Kupotea zipotee tu."

Barua ya onyo nilipewa vilevile, na yeye ndiye aliyeiandika. Sikukasirika. Tangu hapo kila alipokwenda Idete alipita kwanza wodini kuangalia lile sinia, na mimi nikawafundisha wauguzi wote kuitumia, zamu kwa zamu, hata waliochoka kunisikia.

Siku mgonjwa aliporuhusiwa, yule mama mkwe alikuja dirishani kwangu na kibuyu cha maziwa mgando. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akanishika mkono, hakuuachia.

"Nilikuwa dirisha la wodi siku ile," alisema. "Nilikuona unatoka getini unakimbia mpaka viatu vinakuvuka. Nikasema, kumbe na sisi watu wa porini yupo wa kutukimbilia. Nimewaambia nyumbani, mtoto huyu akikua ataambiwa habari za mbio zako."

Yule mgonjwa wetu alikuwa nyuma yake, amembeba mtoto, ananitazama kwa aibu na tabasamu. Nilitaka kusema. Nilitaka kumwambia kwamba mbio zile zilikuwa za kuokoa kazi yangu, kwamba mkwewe alikuwa anazama huku mimi natafuta mtu wa kunibebea lawama. Nikapokea kibuyu kwa mikono miwili, nikasema asante, mama.