Zimwi la Mchana

Juzi, rafiki yangu, binti yangu alinikuta na kitabu cha kutisha, cha maiti na mashoka, akauliza mimi mtu mzima napendea nini uchafu ule. Nikacheka. Mimi nimelelewa na zimwi, tena mchana kweupe.

Ilikuwa Kamembe, mji wetu wa mpakani, vita vikiwa ng'ambo, Congo. Wakubwa walisema ukihadithia mchana utageuka mjusi. Lakini usiku tulisikia mizinga ya Bukavu. Nani angetaka kuongezewa na zimwi gizani? Basi nyanya, mama yake baba, akavunja mwiko. Alihadithia uani huku akikaanga sambusa za kuuza, sisi watoto tukichambua kwenye ungo maharage yaliyoletwa kutoka Gashonga. Zimwi lake lilitafuna mifupa, likafyonza macho, likajifuta mdomo kwa nywele za watu. Nasi tulidai zaidi: na maini, je?

Jirani yetu mwalimu alikuwa amevuka mpaka na mtoto wa dada yake, ambaye hakuwa ametamka neno tangu wazazi wake wauawe. Mtoto alikaa nasi uani, na mwalimu aliogopa zimwi lingemfunga ulimi moja kwa moja. Akaja amekunja uso.

"Maman, batoto balisha kuona damu ya kutosha."

"Ile ilikuja bila kutuuliza," nyanya akajibu. "Hii yetu, nikisema isimame, inasimama."

Katika hadithi ya zamani, inayojulikana pande zote mbili za mpaka, zimwi likifa hukatwa kidole kidogo, na wote waliomezwa hutoka wazima. Nyanya alikuwa ameacha kipande hicho tangu vita. Hakutaka kuwadanganya watoto waliozika watu. Siku hiyo pia zimwi likafa, akaishia hapo. Yule mtoto akasimama, ungo ukapinduka.

"Mukate kidole! Kidole kidogo! Batu batoke!"

Nyanya akakata hewa kwa kisu. "Nani anatoka?"

"Maman yangu!"

"Mwingine?"

"Papa! Na mbuzi yetu!"

Tukapiga vigelegele, mwalimu akilia na kucheka. Mtoto alijua hawarudi, hakuwa mjinga. Lakini safari hii wa kutoka aliwachagua yeye.

Nyanya tulishamzika, ua wake umekuwa gereji ya pikipiki, na watoto wa mtaa hawaujui hata mwiko wa mjusi. Nasikitika, sikufichi. Ila mchana ule tulishinda. Mtoto aliita majina hadi sauti ikamkauka, nasi tuliwapokea wote.