Sufuria za mama na javeli ya wifi

Ijumaa iliyopita binti yangu alirudi kutoka kwa shangazi yake, mtaa wa Kigobe, na habari mbili. Ya kwanza: shangazi ndiye atakayechagua kila kitu cha kusafishia jiko la binti yangu akiolewa, kuanzia sabuni hadi ufagio. Ya pili aliisema huku anavua viatu.

"Mama, tantini hataki nipate aibu kama ya bibi. Anasema bibi wa Buyenzi walimuuzia masufuria ya feki, zikaoza zote. Ni kweli?"

Nilimwambia aoge kwanza. Tangu siku hiyo sijamjibu.

Nina miaka hamsini na nne, naishi Mutakura na mume wangu, na huyo tantini ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume. Naomba ukurasa huu unifichie jina, kwa sababu jibu la swali la binti ninalo tangu wakati wa vita.

Niliolewa vita vikiwa vimeshaanza. Mama alinipa sufuria sita za alumini, nzito, alizozinunua moja moja. Kwetu Buyenzi sufuria haitazamwi ndani, inageuzwa. Mwanamke akiingia jikoni kwa bibi harusi hukagua makalio ya sufuria. Yaking'aa, umelelewa. Yakiwa meusi, anayesemwa ni mama yako. Mama alinifundisha kupaka udongo chini kabla ya kuinjika, kisha kusugua kwa majivu yaliyochekechwa, dodoki na kipande cha sabuni ya mawese. Hakuna kingine cha kununua.

Mtaa wa Carama, tulikoanzia maisha na mume wangu, hatukukaa hata mwaka. Risasi zilipokaribia tulibeba godoro, nguo na zile sufuria, tukahamia kwa wifi. Alitupa chumba cha nyuma. Kwa chumba namshukuru. Kwa mengine, hapana.

Mumewe alikuwa mkubwa ofisini, na yeye aliamini usafi ni kitu kinachouzwa na lebo. Nchi imefungiwa mipaka, watu wanatafuta chumvi, yeye chini ya sinki ana chupa tano za javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, sponji za rangi tatu na glavu za mpira. Sinki lenyewe halikutoa maji. Tulichota kwa madumu. Mtaa wa pili watu walikuwa wanaharisha damu, lakini maji yetu ya kunywa hakuyatia hata tone la javeli. Javeli ilikuwa ya kuonyesha wageni.

Siku ya kwanza alinikuta nachekecha majivu.

"We wifi, unafanya nini?"

"Nasugua sufuria, da."

"Na majivu? Hapa apana kambi! Mutu akiingia atasema nimeweka wakimbizi mu kwizini, mu jiko yangu."

"Si ndiyo tuko wakimbizi, da?"

Mume wangu alicheka. Dada yake hakucheka. Alimwaga majivu yangu uani, akatupa dodoki, akaamuru sufuria ziwe zinalowekwa kwenye javeli kila jioni na kutolewa asubuhi.

Nilitii kwa sufuria tano. Ya sita niliificha chini ya kitanda, nikawa naisugua kwa majivu nyuma ya choo. Baada ya wiki tatu zile tano zilikuwa za kijivu, zimejaa vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ya sita ilikuwa nyeupe vilevile. Zote zilitoka duka moja. Javeli inakula alumini. Hilo hata mwanamke anayeuza sufuria kuukuu chini sokoni analijua. Mke wa mkubwa hakulijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi ndiye niliyekuwa na ushahidi.

Mwezi huohuo mama alikuja kunitazama, akamkuta wifi na rafiki zake wawili. Wifi aliwaingiza jikoni, akageuza sufuria.

"Mama, pole sana. Walikuuzia feki. Hii ni makopo waliyeyusha."

Rafiki mmoja akadakia, "Ah, watu wa Buyenzi na vitu vya rahisi!" Wakacheka, glasi za fanta mkononi.

Mama alinigeukia mimi. "Ni kweli, mwanangu?"

Sufuria ya sita ilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano na nyumba yetu ya Carama ilikuwa haina paa. Nikasema, "Labda, mama."

Kesho yake mama alikwenda kwa muuza sufuria, mzee waliyejuana miaka ishirini, akamwita mwizi mbele ya wateja wake. Mzee aliapa kwa Mungu. Hawakuongea tena. Mama alifariki kabla vita havijaisha, akiamini alidanganywa. Aliyemdanganya ni mimi.

Mume wangu anasema, "Achana nayo, hayo ni mambo ya masufuria." Ni rahisi kwake. Siku ile alikuwa sebuleni, alisikia kila neno, akangoja chakula. Binti naye anampenda shangazi yake kupita kiasi. Wifi ni mjane sasa, hana mtoto, miguu imevimba, na kizee huyo bado anaisimulia hadithi ya sufuria feki kama sifa yake mwenyewe. Nikinyamaza, binti yangu ataingia kwenye ndoa akimcheka bibi yake. Nikisema, atajua kwamba mama yake alimuuza bibi kwa chumba cha nyuma.

Jumamosi hii, baada ya swala ya adhuhuri, wanawake wa pande zote mbili wanakutana kwangu kupanga vyombo vya binti. Wifi ameshatuma neno kwamba atazungumza wa kwanza, maana ndiye shangazi. Akimaliza, zamu ni yangu. Niseme yote mbele yao, na yeye ameketi pale? Au nimwambie binti peke yake, wifi abaki na heshima asiyostahili? Ninyi mko nje ya nyumba hii, mnaona vizuri kuliko mimi. Nipeni neno kabla ya Jumamosi.