Bibi Onja na Nyekundu Mbili

Shemeji yangu ni dobi, na jina alilopewa na mtaa ni Bibi Onja, kwa sababu kila nguo inayoingia kwake huionja kwanza. Si kwa ulimi, msije mkamcheka. Hulowesha kitambaa cheupe, akasugua pindo la nguo huku akihesabu hadi thelathini. Kitambaa kikibaki cheupe, nguo inaruhusiwa kuingia kwenye beseni na wenzake. Kikishika rangi, basi nguo hiyo inachuja, na hufuliwa peke yake kama mgonjwa wa surua. Tangu ndugu yangu afariki akamwachia pasi mbili na nyumba hii, ni miaka ishirini na sita, na hajawahi kuharibu nguo ya mtu. Mimi nakaa chumba cha nyuma. Kazi yangu ni kukamua, maana mikono yangu ya useremala bado ina nguvu, ingawa magoti yalishajiuzulu.

Alhamisi moja asubuhi alikuja Mwalimu, mstaafu wa barabara ya juu, amekumbatia mfarishi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ulikuwa mfarishi wa viraka, vitambaa vya mraba vilivyoungwa kwa mkono na pamba ndani yake. Mkewe aliushona mwaka wake wa mwisho, akiwa kitandani. Kila kiraka kilitoka kwenye kitu cha nyumba ile: sare ya shule ya binti yao, gauni, pazia, na pale katikati, cheupe kabisa, shati la harusi la Mwalimu mwenyewe.

"Haujawahi kufuliwa," alisema. "Nilikuwa naogopa. Sasa nimeumwagia chai."

"Ungekunywa chai mezani kama watu, Mwalimu," Shemeji akamtania.

"Mezani sina wa kuzungumza naye."

Utani ukaishia hapo. Akasema atapita saa kumi kuuangalia, akaondoka akigeuka nyuma mara mbili.

Shemeji akaonja. Bluu, kijani, njano, zambarau, nyekundu. Kitambaa kikabaki cheupe. Mimi, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikamwambia atie chumvi, ishike rangi.

"Chumvi ni ya mboga, shemeji. Rangi iliyoamua kutoka haizuiwi na kiungo."

Akauzamisha kwenye karai kubwa la maji baridi, akaenda mlangoni kumpokea mteja. Dakika tano hazikupita. Niliona uzi mwembamba mwekundu ukitambaa ndani ya maji, kama mtu aliyejikata kidole. Kisha maji yote yakabadilika.

"Shemeji! Njoo!"

Akaja, akatazama. Akainua pembe ya mfarishi. Nyekundu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya sare, iliyokwisha kufuliwa mara mia. Nyingine ilikuwa ya pazia ambalo halijawahi kuguswa na maji. Kwa macho, zilikuwa moja. Yeye alikuwa ameonja ya sare tu.

"Nilisema nyekundu ni nyekundu," akanong'ona. Shati la harusi lilikuwa limeanza kuwa na rangi ya ufizi.

Nikaudaka mfarishi, nikimbie nao kwenye kamba juani. Akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Usianike! Rangi ikikaukia humo, imekwisha! Lete maji mengi. Ya moto, na sabuni."

"Ya moto si yataitoa zaidi?"

"Yaitoe! Iteme yote. Kwenye maji mengi haipati pa kushika."

Alisema kama anayejua, tayari ameshika ndoo. Tukajaza karai. Maji yakawa mekundu kuliko ya kwanza, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye yale magoti. Tukamwaga, tukajaza tena. Tuliukandamiza kwa viganja usielee, pembe isitoke nje ya maji. Ukiwa seremala na umekata mlango ukawa mfupi, unaongeza kipande cha ubao, unapaka rangi, mwenye nyumba hajui. Hapa hapakuwa na cha kuongeza. Aliyeushona hayupo.

Saa nane, maji ya tano, bado mekundu. Shemeji akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli."

"Upi? Kwamba kaniletea mkewe nimwoshe, nikamharibu?"

Nikaenda kuchemsha maji mengine.

Maji ya nane tuliyachota kwenye bakuli jeupe, tukainama wote wawili. Yalikuwa maji tu. Akasuuza mara mbili, akaufunga ndani ya mataulo, akaukandamiza polepole. Mimi nilikatazwa kukamua. Ndipo mlango ukagongwa. Saa tisa na robo, Mwalimu hakungoja saa kumi.

Shemeji alimweleza mwenyewe, amesimama, mikono imelowa mpaka viwikoni. Hakuficha kitu. Kisha akaufunua. Shati lilikuwa jeupe, ila pembeni, upande wa pazia, palibaki doa la waridi, dogo kama ukucha wa kidole gumba.

Mwalimu akavaa miwani. Akainama juu ya doa.

"Pazia hili," Mwalimu akasema, "mimi nilimwambia mke wangu halifanani na sare. Akasema rangi ni ile ile, eti nina macho ya chaki. Tuligombana siku mbili nzima." Akaligusa doa. "Kumbe hazifanani."

Akacheka, halafu miwani ikapata ukungu, ikabidi aivue. Shemeji akakaa kwenye ndoo yake kwa kishindo.

"Nikijifunika, hapa hukaa kifuani," Mwalimu akamwambia. "Nitakuwa naliona kila nikiamka. Nimjibu ule ugomvi wetu."

Mfarishi ulichukua siku tatu kukauka kivulini. Shemeji alikuwa akienda kuutazama kila saa, kama bado ungeweza kumgeuka, na tangu hapo huonja kiraka kimoja kimoja, hata vikifanana kama mapacha. Mwalimu naye alikuja siku zote tatu kuuangalia. Tulimpa chai, na Shemeji akamkalisha mezani, mbali kabisa na kamba.