Msiba wa Martini Kabla ya Siku Yake

Evarista alikuwa mtu wa Rombo. Karatu alifika mwaka tisini na sita kumsaidia dada yake aliyekuwa na duka la vitenge karibu na stendi, na hakukusudia kukaa. Lakini mwaka huo huo kulikuwa na kijana wa Endabash, Martini Bura, aliyekuwa akipiga gitaa na kuimba kwenye loji za watalii njia ya kwenda Ngorongoro. Wimbo wake mmoja, ule wa mtu anayemsubiri mchumba mnadani mpaka ng'ombe wote wameuzwa na watu wametawanyika, ulipigwa redioni asubuhi na jioni. Watoto wa shule waliuimba njiani. Watalii walinunua kaseti yake wakaondoka nayo, na Martini alipenda kusema kwamba sauti yake imepanda ndege kabla yake. Evarista akampenda. Wakafunga ndoa kanisani, msimamizi wa harusi akiwa Obed, dereva wa watalii kutoka Upareni, rafiki wa Martini tangu siku za kulala chumba kimoja bila kitanda. Wakapata mtoto mmoja wa kike, Winnie.

Umaarufu ule haukudumu. Vijana wa Dar walikuja na muziki wao wa kompyuta, loji zikaanza kutaka ngoma za Kimasai na sarakasi, na gitaa la Martini likabaki kupigwa kwenye harusi za majirani. Hakulalamika. Alirudi kulima, na Evarista akapata kazi ya kusimamia kafe ya intaneti iliyofunguliwa barabara kuu, chumba kirefu chenye kompyuta zilizofunikwa vitambaa kwa sababu ya vumbi jekundu la Karatu, ambalo hata hivyo liliingia.

Ndipo miguu ya Martini ikaanza kuvimba. Mwanzoni walidhani ni kusimama sana shambani. Kisha uso nao ukavimba, chakula kikamshinda, na hospitali ya Arusha wakasema figo zake zote mbili zimechoka. Daktari alikuwa mtu mpole. Alieleza kwamba kuna mashine ya kusafisha damu, kwamba mashine hiyo haipo mikoa hii, na kwamba mgonjwa akishaanza kuitumia haachi. Akamwandikia vidonge, akamkataza chumvi, akamwambia arudi kila mwezi. Evarista alitoka pale akiwa na maswali mengi na hakujua ni lipi lingebadilisha chochote. Walikubaliana Martini akae Endabash kwa mama yake, ambako kuna mtu wa kumwangalia mchana, na yeye Evarista aende kila Jumamosi.

Wakati huo madereva walikuwa na mchezo wao pale kafe. Waliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuja kufundisha kwa kujitolea. Ulikuwa kwenye tovuti ya Kizungu, na wachezaji wake walikuwa wa dunia nzima. Mwanzoni mwa mwaka, na tena Julai kwa nyongeza, kila mmoja anachagua watu mashuhuri anaodhani hawatamaliza mwaka huo: waigizaji, wanasiasa, wanamuziki. Mtu akifa, waliomchagua wanapata pointi, na marehemu akiwa bado kijana pointi zinazidi. Hakukuwa na zawadi yoyote. Mshindi jina lake linakaa juu, basi. Miezi ambayo watalii ni wachache madereva walijazana kwenye kompyuta moja, wakibishana juu ya saratani ya fulani na moyo wa fulani, watu wasiowajua wala kuwahi kuwaona. Evarista alifuta vumbi huku akiwasikia. Mchezo haukumpendeza, lakini walikuwa wateja, na wafu wenyewe walikuwa mbali.

Asubuhi moja ya Juni, Winnie alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kutoka kwenye malaria iliyomzuia mama yake kwenda kazini kwa siku kadhaa. Evarista alifungua kafe, na kabla hajafunua kompyuta aliingia mwalimu mmoja mteja wao, akamshika mkono na kumwambia pole. Evarista akashukuru, akidhani ni pole ya mtoto. Mwalimu akasema Martini alikuwa mtu wa watu, na kwamba redio imepiga wimbo wake mara mbili.

Ilimchukua muda kuelewa anaambiwa nini. Endabash hakukuwa na mtandao wa simu, hivyo hakuna wa kumpigia. Alikimbia kwa dada yake akamwachia Winnie, akaenda pale zinapopakia pikapu za Endabash, na pikapu aliyoipata ilikuwa imejaa watu wanaokwenda huko huko. Walikuwa na kuni, viroba vya unga, na masufuria makubwa ya kanisani. Walipomwona walishuka wanawake wawili wakamshika, wakamkalisha mbele kwa dereva. Njia nzima hakuna aliyezungumza naye. Nyuma wanakwaya kutoka kijiji cha Kansay walianza kuimba taratibu, na Evarista akajikuta analia kama mtu aliyekwisha kuambiwa yote.

Walipofika, turubai lilikuwa limekwisha kufungwa. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, moto unawaka, wanaume wamekaa upande mmoja na kofia magotini. Na katikati ya uwanja, kwenye kiti cha kamba, amejifunika blanketi juani, alikuwa amekaa Martini.

Evarista alisimama. Kisha akakaa chini kwenye vumbi palepale alipokuwa. Watu wa kwanza kufika walikuwa wamefunga turubai kabla hajatoka ndani, na walikuwa wamekwisha kupita kwenye mshangao wao. Sasa walikuwa na aibu tu, wasijue wabaki au waondoke. Mama yake Martini alikuwa ndani, amejifungia, hataki kuona mtu. Alisema aliyeleta kuni za matanga kwa mtu aliye hai amemwita mwanawe kaburini.

Martini alimwita mkewe karibu. Uso wake ulikuwa umevimba, lakini macho yalikuwa yake.

"Mama Winnie, hawa wametoka mbali," alisema. "Wapikieni. Usiwaache waondoke na njaa."

Basi wakapika ule unga. Watu wakala msibani pasipo na maiti, wakimkwepa mwenye msiba kwa macho. Jioni, kabla hawajaondoka, Martini aliwaomba wanakwaya waimbe zile nyimbo walizokuwa wameziandaa. Walitazamana. Kisha kiongozi wao akaanzisha, kwa sauti ndogo, na Martini akasikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, akipiga kidole juu ya goti pale walipopoteza mapigo.

Kisa chote Evarista alikipata kwa Obed. Hakumtafuta, Obed alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja asiwashe kompyuta. Ni yeye aliyeandika jina la Martini kwenye mchezo, tangu Januari. Alipoulizwa kwa nini, alisema majina yote pale yalikuwa ya watu wakubwa wa dunia, na alitaka na la Martini liwemo. Tovuti walilikubali kwa sababu ya kaseti ile. Kisha Juni dereva mwenzake aliyetoka Endabash alimwambia kwamba Martini ameondoka. Kweli alikuwa ameondoka: alipelekwa kwa shangazi yake kijiji kingine kupewa dawa za mizizi, akarudi baada ya siku chache. Obed alielewa vingine. Akaja kafe, akamkosa Evarista, akaona hiyo ndiyo hakika. Akaandika kwenye tovuti kwamba Martini amefariki. Mtu wa Arusha akasoma, akaipigia simu redio.

"Shemeji, nililia wakati naandika," alisema Obed.

Evarista alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia. Alimwambia afute. Obed akaandika kuomba radhi na kueleza kwamba Martini anaumwa tu, na siku iliyofuata akamwita aje aone: wamemrudisha Martini kwa walio hai. Alisema hivyo kama mtu aliyeleta habari njema. Evarista alisoma Kiingereza chake cha shule ya sekondari polepole. Chini ya jina la mumewe walikuwa wameongeza kwamba ni mgonjwa wa figo, hali mbaya, umri miaka thelathini na saba. Katika kipindi kipya cha kuchagua, kilichofunguliwa Julai, wachezaji waliomchukua walikuwa wamejaa nusu ukurasa. Kabla ya hapo alikuwa Obed peke yake.

Aliandika yeye mwenyewe kwa mwenye tovuti. Alijieleza ni nani, akaomba jina liondolewe kabisa. Jibu lilikuja haraka, tena la heshima. Mwenye tovuti alisema anasikitika sana, anamtakia Bwana Bura nafuu, lakini mtu aliyewahi kujulikana hadharani anaruhusiwa na kanuni, na kumwondoa sasa kungekuwa dhuluma kwa waliokwisha kumchagua. Evarista alilisoma jibu lile mara kadhaa akitafuta mahali pa kukasirikia. Hakupaona. Alikwenda kwa mwenye kafe akamwomba mchezo ule upigwe marufuku pale. Mwenye kafe alikubali mara moja, madereva nao wakaacha kwa haya. Ule ukurasa uliendelea kuwapo, pamoja na watu wa nchi ambazo Evarista asingeweza kuzionyesha kwenye ramani.

Septemba Martini aliletwa mjini akiwa njiani kwenda hospitali. Alikuwa amesikia. Alimwomba mkewe amwonyeshe, na Evarista alipokataa alirudia kuomba, kwa upole ule ule aliokuwa nao tangu zamani, ambao haukuwa na mlango wa kutokea. Akamfungulia. Martini aliinama kwenye kioo, akafuata majina kwa kidole.

"Hawa wote wananijua?"

"Hawakujui, Baba Winnie. Wanajua unaumwa."

Kidole cha Martini kikasimama kwenye jina moja. Akauliza huyu wa Norwei, Norwei ni wapi. Evarista akamwambia ni kaskazini, kwenye baridi. Akauliza kama kaseti yake inaweza kuwa ilifika huko, naye akajibu inawezekana. Hakujua kama anadanganya.

"Waandikie kwamba nimewasalimu," alisema Martini.

Aliandika. Alitaka kuongeza maneno mengine, maneno makali aliyokuwa akiyapanga tangu Juni, lakini mumewe alikuwa amekaa pembeni akisubiri, amekunja mikono kama mtu aliye ofisini. Akaandika salamu tu, akazituma. Katika wiki zilizofuata hakuna aliyejibu.

Martini alifariki mwanzoni mwa Novemba, mchana, mvua za vuli zikiwa zimeanza Endabash na barabara imekuwa utelezi. Evarista alikuwapo. Siku mbili kabla Martini alikuwa ameacha kutambua watu, kisha akamtambua mkewe kwa muda mfupi, akaomba maji, na maji hayakupita. Hapakuwa na la kufanya ila kumlowesha midomo kwa kitambaa, na hilo Evarista alilifanya mpaka mama mkwe alipomshika mkono amwachishe.

Watu walikuwa wachache. Habari ilipelekwa Karatu na dereva wa pikapu, na wengi waliipokea kwa tahadhari. Walikwisha kuchoma mafuta mara moja, walikwisha kuaibika mara moja. Wengine walisema wangoje wasikie redioni. Redio nayo, Obed alipokwenda kuwaomba, walisema safari iliyopita walilaumiwa sana, hawatatangaza bila barua ya serikali ya kijiji, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ng'ambo ya mto uliojaa. Wanakwaya wa Kansay hawakufika. Alizikwa na majirani, na Obed akachimba kaburi pamoja nao tangu jembe la kwanza, hakukubali kupokewa.

Evarista aliporudi kazini alifungua ule ukurasa, akaandika kwamba mume wake amefariki, na tarehe. Mwenye tovuti alimpa pole. Akaeleza kwamba kwa kuwa taarifa ya kwanza ilikuwa ya uongo, safari hii angehitaji gazeti. Gazeti halikuandika. Evarista hakujua kwa nini alikuwa amewaandikia. Pengine alitaka tu wamwache mumewe. Mwaka ulipogeuka jina lilikuwa bado pale, kwa walio hai, na wachezaji kadhaa walimchagua tena.

Huko Endabash watu waliendelea kuja. Hawakuja pamoja; walikuja mmoja mmoja, kila aliyethibitisha kwa wakati wake, hata Februari, hata masika yalipokaribia. Kila mmoja aliingia uwanjani akitazama kwanza kile kiti, kisha kaburi, ndipo akavua kofia. Mama yake Martini aliwakaribisha ndani na kuanza upya: miguu, figo, maji yaliyokataa kupita. Jumamosi Evarista akiwapo alisikiliza kutoka jikoni, akikoroga chai, na alipoona mgeni mwingine anakuja kwenye kijia cha shamba, anatembea polepole kama mtu asiye na hakika, alirudisha sufuria motoni na kuongeza maji.