Upinde Uliokonda

Mimi si mtu wa kungoja. Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani Mpondwe, na huko anayengoja hulala na lori lake mpakani. Hata chai nainywa kabla haijapoa, kisha nalaumu kikombe. Sasa mtu wa namna hiyo mpe mti atengeneze upinde, uone.

Baba alinipa, mimi binti yake. Kaka zangu wawili walikuwa Kasese mjini wakikwepa simu zake, na kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono wa kushoto tu. Nyumbani Bwera, juu ya jiko la kuni, kulikuwa na kipande kimoja kilichobaki, alichokipasua mwenyewe kwa kabari na nyundo kabla hajaugua. Mti wa aina ile siku hizi umebaki ndani ya hifadhi, na huko hatuingii na panga. Alitaka jambo moja: amwone mtoto wake mmoja akimaliza upinde kabla yeye hajafunga macho. Hakulificha. Aliniambia wazi, tukiwa mezani, kisha akaomba chumvi.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa nilikaa uani, kipande nimekibana magotini, yeye kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa mwanajeshi miaka mingi, na Kiswahili cha kambini ndicho alichotulelea, kwa hiyo mafunzo yalikuwa amri.

"Mugongo hapana gusa," aliniambia siku ya kwanza. "Kata tumbo tu."

Mgongo ni upande uliokuwa karibu na gome. Unaachwa na nyuzi zake zote, kwa sababu uzi mmoja ukikatwa, upinde hupasukia hapo. Unapunguza tumbo, yaani upande wa ndani, kwanza kwa kisu, halafu kwa kigae cha chupa. Unakwangua kidogo, unaukunja, unaangalia kama mikono yake miwili, yaani nusu ya juu na nusu ya chini, inapinda sawa, kisha unauacha upumzike. Siku nzima, wiki nzima ikibidi. Baba hakuwa akitazama sana. Alisikiliza kigae. Nikikandamiza, sauti ilibadilika naye akasema, "Wacha."

Niliacha kwa dakika mbili.

Ule utulivu ulinikera. Simu ilitetemeka, madereva walinitafuta, na mti hauna habari. Tena kila Jumapili nilimkuta baba amepungua, shati linampwaya. Niliogopa, na mimi woga wangu siku zote hutokea mikononi. Nikaanza kwenda katikati ya wiki, mchana akiwa amelala, nikawa nakwangua peke yangu nyuma ya jiko.

Mkono wa juu ulikuwa mgumu, nikaupunguza. Ukapinda kuliko wa chini. Nikapunguza wa chini, nao ukazidi. Nikarudi juu. Aliyewahi kukata miguu ya meza inayoyumba anajua nilikoishia. Alhamisi moja nilipofunga kamba, upinde ulijikunja bila ubishi wowote, na nilijua hapohapo. Mshale wake ungefika kwenye migomba ya jirani, pengine, na kuku asingeshtuka.

Nilitaka kuuchoma. Ningesema umepasuka tu, miti hupasuka. Nilikuwa nimeshauelekeza motoni baba aliponiita kutoka chumbani. Hakuwa amelala. Sijui ni mara ngapi alikuwa amelala vile macho wazi, akisikiliza.

"Leta."

Nikampelekea, nikamsaidia kuketi kitandani. "Nimeuharibu, baba. Nilikuwa na haraka."

"Mimi nilisikia." Akaupapasa tumbo lake lote kwa vidole vya kushoto. "Iko nyepesi. Hii hapana ua kitu. Lakini iko upinde."

Nikalia kwa hasira, mtu mzima wa miaka arobaini na ushee. Alingoja nimalize, kisha akaniamuru niushike katikati, ninyooshe mkono. Sikuelewa mpaka aliposhika kamba kwa vidole vitatu akaivuta. Ikaja. Ikaja mpaka kidevuni. Pinde zake za zamani, zile nene, asingeweza kuzisogeza hata kidogo. Alifumba jicho moja, akalenga dirishani.

Halafu kamba ikaanza kumteleza vidoleni. Upinde hauachiliwi bila mshale. Kamba ikirudi tupu kwa nguvu, mti huvunjika, hata huo wangu. Yeye alijua, nami nilijua, na nguvu zilikuwa zimemwishia.

"Siwezi rudisha," akasema.

Nikapeleka mkono wangu wa pili nikavifunika vidole vyake. Vilikuwa baridi. Tukaanza kuirudisha pamoja, mimi nikiisukuma mbele kwa hofu ili imalizike kabla hajaachia.

"Polepole, mama," akasema, jicho lake bado liko dirishani.

Nikalegeza. Pumzi yake ilinigusa shingoni. Kamba ilikuwa imebakiza upana wa kiganja kimoja kurudi mahali pake, na sikutaka ifike.