Mtu Aliyeonja Dawa ya Pamba

Mume wangu Shimba alikuwa akionja dawa ya pamba kwa ulimi, na kijiji kizima kilimsifu kwa upumbavu huo. Nasema upumbavu, na mwenyewe yuko hapa ananisikia.

Zamani dawa ililetwa na chama cha ushirika, imefungwa vizuri. Ilipoingia biashara huria, wachuuzi wakaja na baiskeli, dawa wameimimina kwenye chupa za soda, haina karatasi wala jina. Nyingine nusu yake maji. Unapulizia shamba, funza wanaendelea kula vitumba vya pamba kama wamealikwa. Basi kabla ya kununua, watu wakawa wanamletea Shimba chupa. Anachovya kidole, analamba, anatema. "Hii ya kweli, inachoma." Au, "Hapa unauziwa maji." Wakamwita Bwana Maabara, naye kichwa kikavimba.

Msimu wa tisini na sita ladha ya chakula ikampotea. Nitie chumvi, nisitie, kwake ni sawa tu. Mikono ikatetemeka mpaka chai inamwagika. Nikamwambia, "Baba Malimi, hiyo dawa inakumaliza." Akasema wanawake tuna woga. Kweli sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja ya Februari akaonja chupa tatu mfululizo. Saa kumi jioni mate yakawa yanamtoka kama mtoto anayeota meno, jasho limemlowesha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za ulezi. Niliogopa, sifichi. Tulimkimbiza hospitali Sengerema, wakamchoma sindano na kumlaza siku nne.

Nesi Akelo alimkalisha akamweleza. "Mzee, dawa hizi si ukoo mmoja. Ipo inayowasha ngozi na kutia ganzi. Ipo inayojificha kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Hii yako inashika mishipa ya fahamu, na hata ngozi inainywa. Ukilamba tena, usitegemee kurudi hapa mzima."

"Sasa watu wataijuaje dawa ya kweli?" Shimba akauliza. Jamani, mtu ametoka kaburini, anawaza kazi yake!

Nesi akacheka. "Kwani inatengenezwa imuue nani, wewe au funza?"

Tukarudi nyumbani. Kesho yake akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akaokota funza kumi shambani, akawatia kwenye kopo bovu pamoja na majani yaliyonyunyiziwa dawa ya mchuuzi. Kopo akaliweka mbali na jiko langu. Wakifa, nunua. Wakinenepa, mrudishie chupa yake. Watu walimcheka wiki moja, halafu wakaanza kupanga foleni na chupa zao. Chupa sita zilirudishwa msimu ule.

Miezi minne ikapita. Mikono ilikuwa imetulia, lakini chakula alikuwa bado anakimeza tu bila ladha. Jioni moja nikampakulia ugali na dagaa. Akamega tonge, akachovya, akalitafuna, akasogeza bakuli pembeni.

"Mama Malimi, chumvi imezidi."

Miaka ishirini ya ndoa, sikuwahi kufurahia lawama ya chakula kama siku ile. Niliingia jikoni nikalia. Nikafuta macho, nikarudi, nikamwambia ale hivyo hivyo.